Kioo Kipya na Mkono wa Baba

3 Machi

Mdogo wangu,

Kioo chako cha kuonea nyuma ya gari kimefika salama, kimeviringishwa matambara kama mtoto mchanga. Fundi uliyenielekeza alikifunga Jumamosi. Alipitisha waya darini mwa gari hadi mlango wa nyuma, akabandika kamera juu ya namba, akaniambia, "Mama, sasa una macho kisogoni." Nikamjibu kwamba macho ya kisogoni ninayo tangu nilipoolewa.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunagombana kabla hujamaliza kunisalimu, na Baba hataki mazungumzo yampite, lazima simu iwekwe sauti kubwa. Umeniomba nikupe ukweli mtupu, mazuri na mabaya ya hiki kioo, ili umshawishi bosi wako ayanunulie malori ya hapo kambini vioo kama hiki. Haya, sikia.

Naona. Hilo nalikubali kwa mikono miwili. Unalijua gari la mikate lilivyo: kreti tupu zinapangwa mpaka zinagusa dari, na kioo cha zamani kilikuwa kinanionyesha kreti. Miaka yote hiyo nimeendesha nikizitazama kreti kama vile zinataka kunikimbia. Sasa naona barabara yote ya nyuma, pana, mpaka pikipiki inayojipenyeza pembeni. Gari likija nyuma yangu na taa kali usiku, kioo kinaipunguza taa chenyewe, sikunji uso tena.

Ila kina kero zake. Kile cha zamani nilikitupia jicho tu, na jicho lilibaki kutazama mbali. Hiki ni kama kusoma gazeti huku ukiendesha. Jicho litoke barabarani, lirudi karibu, litafute. Kwa umri wangu bila miwani ya kusomea naona ukungu, na nikiivaa, ukungu unahamia barabara ya mbele. Tena umbali kinanidanganya. Jana nilidhani lori liko kule, kumbe lilikuwa linanipumulia mgongoni.

Aliyepata nafuu ni Baba. Uchochoro wetu unaujua, hauna pa kugeuzia gari. Kila alfajiri natoka kinyumenyume, vioo vya pembeni nimevikunja kwa sababu ya kuta, na Baba yuko nyuma anapiga bodi ya gari kwa mkono. Piga moja njoo, piga mbili simama. Utingo wa zamani huyo, ukimwita "Breki" mpaka leo anageuka. Basi Jumatatu nilimwambia, "Baba, kapumzike. Kioo kinaona." Nikakiwasha akitazame. Alikitazama kwa muda, akasema, "Kizuri." Akaingia ndani.

Niliporudi mchana nilimkuta amekaa mezani, viatu bado viko miguuni. Nilijisikia vibaya, lakini nadhani atazoea.

Dada yako


11 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu mpaka mpishi wa kambi akaniuliza kama nimetumiwa barua ya mapenzi. Nimemwambia ni ripoti ya kiufundi.

Umesema kweli tupu, na bosi nimemsomea, isipokuwa ile ya kuolewa. Sasa majibu ya fundi umeme. Jicho litazoea, ulipe muda kidogo. Ile lenzi ni pana, kwa hiyo inavisukuma vitu mbali. Siku moja weka ndoo nyuma ya gari, ushuke uone iko wapi, kisha urudi uone inaonekanaje kwenye kioo. Utajipatia kipimo chako. Kamera ipanguse kwa kitambaa kikavu kila inaporushiwa tope. Umeme ukikorofisha, vuta kile kiswichi kidogo chini ya kioo, kitageuka kuwa kioo cha kawaida. Lakini hiyo ni ya dharura. Usikizime hivihivi, Dada. Narudia, usikizime, hasa uchochoroni.

Kuhusu Baba umefanya jambo jema sana. Mwache apumzike. Amepiga bodi za watu kabla hatujazaliwa, inatosha. Akitaka kutoka nje alfajiri mzuie kwa maneno matamu, unayajua. Anakula vizuri? Zile ngazi za nyuma zina taa? Kama hazina, weka, nitachangia.

Ndani ya kifurushi nimeweka kichupa cha dawa ya matone. Alilalamika vumbi la macho nilipokuja likizo. Atie asubuhi na jioni, asikose hata siku moja. Ni vumbi tu, lakini asikose.

Nakuandikia nikiwa kitandani kwangu kama mtu mwenye heshima. Mtandao hapa unapatikana juu ya tangi la maji tu, na msimamizi ameapa kwamba mtu mwingine akipanda huko atamlaza humohumo.

Mdogo wako


20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Unaniuliza maswali ya Baba kama karani wa hospitali. Ngazi zina taa, na dawa anaitia. Kula ndiko hakuli.

Nilidhani atazoea. Hajazoea. Alfajiri namsikia anaamka kabla yangu, anapiga viatu rangi, anavivaa, halafu anakaa. Nikipita na funguo ananiambia, "Nenda salama," bila kuinua uso. Ndevu ameziacha. Juzi alimwaga chai yote mezani, nikamtania kwamba hata kikombe siku hizi kinahitaji utingo. Hakucheka. Aliomba radhi, Baba yule, kwa sauti ndogo, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

Mvua zimeanza. Kioo chako kikirushiwa tope kinanionyesha uji. Nashuka, napangusa, napanda, kinarudi kuwa uji. Sikatai faida zake, ila nakwambia kwamba kile cha zamani hakikuwahi kuniomba nishuke kwenye mvua. Na Baba hakuwahi kurushiwa tope akashindwa kuona.

Ndiyo, nimekuja kwa Baba tena. Nimemwachisha kazi baba yangu mwenyewe. Hakuwahi kuchelewa wala hakuwahi kunikwaruzia gari ukutani. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika chache, lakini siku yake nzima ilisimama juu yake. Mimi nimemwondoa kwa neno moja, tena nimesema kwa furaha. Natamani ningemuuliza kwanza.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho nitamwambia kioo kimekufa na nahitaji mkono wake. Usinikemee. Najua umetoa pesa yako na bosi wako anasubiri sifa. Mpe sifa zote, ni za kweli. Lakini nyumbani kwangu uchochoroni anarudi Breki.

Dada yako


24 Machi

Mwanangu,

Anayeandika ni jirani yetu fundi cherehani. Ameapa kwa cherehani yake kwamba maneno haya hayatatoka, na mimi nikamwambia yakitoka nitaipiga mateke.

Dada yako alinijia na uso wa huzuni akasema kioo kimekufa, nimsaidie. Mwanangu, hakijafa. Kila akiwasha gari kinatoa mlio mwembamba, na alfajiri hiyohiyo niliusikia. Mtoto akikudanganya ili akupe heshima yako, utafanya nini? Utamwambia, "Muongo wee"? Nilivaa viatu nikatoka.

Wewe peke yako ndiye unayejua. Ulinipeleka kwa daktari wa macho tukamwambia dada yako tunakwenda kununua viatu, na viatu tukarudi navyo kweli. Tangu wakati ule jicho la kushoto limeshaaga. La kulia limebaki na katundu kadogo katikati, kama ka kuchungulia mlangoni. Nikiligeuza, kanahama. Presha ya macho haina huruma, na lililokwenda daktari alisema halirudi.

Ndiyo maana nilikuomba kile kioo. Nilikuwa na hofu kwamba nitampigisha ukuta, nikataka niachie kazi kwa heshima, isionekane kwamba ni mimi niliyeshindwa. Ukakinunua, Mungu akuzidishie. Nikaachia. Sasa nimeona kuachia ni kugumu kuliko kutoona.

Nampigia bodi kwa sikio. Nasikia tairi likitoka kwenye saruji na kuingia kwenye changarawe, nasikia kreti zinavyogongana gari likipinda. Hii kazi nimeifanya gizani na kwenye mafuriko. Tumetoka salama kila siku mpaka leo. Ananishukuru mpaka naona haya.

Usimwambie. Akijua atanihurumia, na mimi kuhurumiwa sijajifunza.

Fundi cherehani anasema niongeze kwamba yeye hakubaliani na jambo hili. Haya, nimeongeza.

Baba yako


30 Machi

Dada,

Shikamoo. Sikukemei. Ule uongo ni mzuri, ningekuwa karibu ningekusaidia kuupamba. Baba apige bodi yake, na wewe kimyakimya uendelee kukitazama kioo chako, kila mtu afurahi. Najua ndivyo unavyofanya, huhitaji kufundishwa na mimi. Miwani tu usisahau.

Kuhusu tope, kuna kibati kidogo cha kukinga maji kinachofungwa juu ya kamera. Nimekikata mwenyewe hapa karakana, kitafika na lori la vipuri. Bosi amekubali kuanza na malori mawili. Madereva wanalalamika kuliko wewe. Mmoja anasema kioo kinampa kichefuchefu, mwingine anasema anaogopa kuona vitu vingi kiasi hicho.

Mwambie Baba namsalimu sana. Mwambie dawa.

Mdogo wako


4 Aprili

Mdogo wangu,

Nimemkanyaga Baba.

Nimeandika mstari huo nikaukalia kwa muda, sasa naendelea. Ilikuwa juzi alfajiri. Yuko hai. Tairi la nyuma lilimpanda mguu wa kulia chini ya goti, mfupa umevunjika sehemu mbili, wameutia vyuma. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia mpaka nesi akaniweka kwenye kiti.

Barua yako ya uongo mzuri niliipata jana, nikaisomea hapahapa kwenye benchi la wodini. "Najua ndivyo unavyofanya." Sikuwa nafanya hivyo. Nilikuwa nakizima. Kila alfajiri navuta kile kiswichi, nabaki na kioo cha kawaida, naziona kreti kama zamani. Nilihisi kukitazama huku nikimwacha anapiga bodi ni kumcheza shere mzee wangu. Nilitaka kumtegemea kwelikweli. Na nilifurahi, Mungu anisamehe, nilikuwa natoka uchochoroni kila siku nimefurahi.

Alipiga moja. Nikaja. Nikasubiri ya pili haikuja, nikaendelea kuja.

Fundi cherehani alikuwa anafungua dirisha lake. Anasema Baba alisimama katikati ya njia, sio ubavuni, na uso alikuwa ameuelekeza ukutani. Mkono ulikuwa unapapasa nyuma kutafuta bodi. Nilimuuliza fundi, mtu anapapasaje kitu kikubwa kama gari?

Kisha daktari. Alimwambia Baba afuate kidole kwa macho. Kidole kilikwenda kushoto, Baba akabaki anatazama ilikotoka sauti. Daktari akanigeukia, "Mzee haoni tangu lini?" Nikamjibu kwa ukali, mbele ya watu, kwamba baba yangu anaona kuliko mimi. Fundi cherehani akainamisha kichwa. Hapo nikajua kwamba kuna watu wanajua.

Sasa nakuuliza wewe, uliyeniambia narudia usikizime, hasa uchochoroni. Uliyetuma matone ya vumbi. Ulijua?

Dada yako


9 Aprili

Dada,

Nilijua.

Nimepanda tangi nikakupigia, ukaikata. Nikapiga tena ukaikata tena. Una haki. Msimamizi alinikuta juu, akaiona sura yangu, akashuka zake.

Nilijua tangu likizo. Nilimwona anamimina chai pembeni ya kikombe, nikampeleka kwa daktari. Alinishika mkono njiani, nguvu zile zake unazijua, akaniapisha nisikwambie. Kioo alikiagiza yeye. Barua yangu ya kwanza, yale maswali yote, nilikuwa nazunguka mbuyu kwa sababu nilishindwa kuvunja kiapo.

Kuna baya zaidi. Tarehe 30 nilipokuandikia ule mzaha, nilikuwa na barua ya Baba mkononi, inayosema anakupigia kwa sikio. Niliisoma mara nyingi. Nikajiambia Dada anakitazama kioo, hawezi kuwa mjinga wa kukizima, kwa hiyo hakuna hatari, kwa hiyo siri ya mzee na ibaki. Nilichagua kuamini hivyo kwa sababu ndiyo iliyokuwa njia nyepesi. Sentensi moja tu ingetosha, "Baba haoni." Maneno mawili. Nilijaza ukurasa kwa habari za kibati cha maji.

Huo mguu nimeuvunja mimi, Dada. Wewe ulikuwa umeshika usukani tu. Usibebe mzigo wangu.

Nimeomba ruhusa. Wananipa mwisho wa mwezi ujao, fundi wa kunishikia hajapatikana. Nitakuja hata ukinifungia mlango, nitalala kwa fundi cherehani. Nikifika nitakaa mbele ya Baba nimwambie yote, kwamba kosa ni langu, kwamba pale alipo asijilaumu kwa kusimama vibaya. Nitamwambia kwamba asiyeona hana kosa.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini nijibu.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Nimechelewa kukujibu kwa makusudi. Kila nilipoanza nilikuwa naandika matusi, na karatasi ni ghali.

Nimekasirika, na bado nina hasira. Lakini usininyang'anye sehemu yangu. Unasema usukani tu. Mimi naishi naye. Aliweka chumvi kwenye chai nikacheka. Alimsalimu mlinzi wa mtaa kwa jina la mtu mwingine nikasema uzee. Siku aliyokitazama kioo muda wote ule na kusema "kizuri", kamera ilikuwa bado ina karatasi ya kiwandani juu ya lenzi. Skrini ilikuwa nyeusi, mdogo wangu. Nililijua hilo alipokwisha kuingia ndani, niliposhuka kuibandua karatasi. Nikadhani amesema hivyo ili kunifurahisha, nikakuandikia kwamba alikitazama na kukisifu. Wewe ulificha ulichoambiwa, mimi nilificha nilichokiona, tena nilijidanganya mwenyewe.

Jana ameruhusiwa. Tajiri wangu wa mikate alinipa gari nimfuate Baba. Nilishusha kreti zote, nikamweka kiti cha mbele, mguu ameunyoosha juu ya mto. Kioo nilikiwasha. Tulipoingia barabarani akasema, "Nyuma kuna nini?" Nikamwambia basi moja na mwanamke mwenye mwavuli anayevuka. Baadaye kidogo akauliza tena. Nikamwambia pikipiki mbili, ile nyekundu ina haraka. Tukaenda hivyo safari nzima, yeye anauliza, mimi nasema, na hakuna aliyetaja macho.

Tulipokaribia kwetu aliacha kuuliza. Kisha akasema, "Na mimi siku ile, nilikuwa nimesimama wapi?"

Nilijua jibu, fundi cherehani alikwishaniambia. Nikamtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasubiri, kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Nikaelewa kwamba jambo hilo ndilo lililomnyima usingizi hospitalini kuliko huo mguu.

Nikasema, "Ulikuwa mahali pako, Baba. Ubavuni, palepale unaposimama siku zote."

"Na nilipiga?"

"Ulipiga mbili. Nilisinzia kwenye usukani."

Halafu akashusha pumzi, akajiegemeza kwenye kiti, akasema, "Mpumbavu wewe. Mara ngapi nimekuambia ulale mapema?" Nikasema ndiyo, Baba, nisamehe. Akanisamehe. Alipofika alikula sahani nzima, akaomba wembe.

Kwa hiyo ukija, usimwambie lolote. Hayo maungamo yako yameze. Ukimkuta amekaa kibarazani anawasimulia majirani jinsi binti yake alivyomkanyaga kwa usingizi, huku yeye akiwa amesimama sawasawa kabisa, wewe kaa chini unilaumu pamoja nao.

Dada yako